Kibodi Nzee ya Springi: Itengenezwe au Itupwe?

Katika nyumba nyingi za mwambao wetu hakukosekani chombo kizee kilichohifadhiwa kwa sababu mwenyewe hana moyo wa kukitupa: cherehani ya mkono, redio ya mbao, saa ya ukutani iliyosita zamani. Siku hizi pameongezeka kundi jingine, nalo ni vyombo vya kompyuta vya miaka ya 1980 na 1990 vilivyouzwa na maofisi yalipobadilisha mitambo yao. Juma hili tunazungumza juu ya kimoja tu katika hivyo, nacho ni kibodi, na aliyetutia katika mazungumzo haya ni mama mmoja jirani yetu.

Mama huyu alifanya kazi ya ukarani wa kupiga chapa kwa zaidi ya miaka ishirini. Alipostaafu aliinunua kibodi aliyoizoea katika mnada wa vyombo vya ofisi yake. Sasa macho yake yamepungua nguvu; herufi za skrini haoni mpaka zikuzwe mno, na vitufe havioni kabisa. Hata hivyo huwapigia majirani barua za maombi ya kazi, karatasi za mitihani ya madrasa, na mara nyingine wasia wa mtu. Ujira ni mdogo, lakini ni wake, na kwa huo hamwombi mtu nauli wala dawa. Anayoyategemea ni masikio na ncha za vidole. Kibodi ile ilipoanza kumharibikia, wanawe walimnunulia mpya, nyembamba, isiyo na sauti. Hakuiweza. Alikuwa hajui herufi imeingia au haikuingia, na barua ya mtu ikatoka na maneno yaliyokatika kama meno ya mzee. Fundi wa kwanza aliyeonyeshwa ile ya zamani aliipindua, akacheka, akasema, "Mama, hii ipelekeni Ngomeni kwenye makumbusho." Ndipo ikaletwa kwetu, kwa kuwa inajulikana mtaani kwamba sisi hatuachi kufungua kitu chenye skrubu.

Kibodi yenyewe ni ile iitwayo Model M, ya kampuni ya IBM ya Marekani. Ilianza kutengenezwa mwaka 1985, na nyingi zilitoka katika mji wa Lexington, jimbo la Kentucky. Nyingine zilitengenezwa Greenock, Scotland, na hii ya jirani yetu ni mojawapo: ina alama ya pauni juu ya tarakimu ya 3, na kitufe chake cha kuvukia mstari ni kirefu kwenda juu, si cha kulala. Chini yake ipo karatasi iliyogandishwa yenye nambari ya chombo na tarehe ya kuzaliwa kwake. Msomaji mwenye kibodi kama hiyo aanze kwa kuisoma karatasi hiyo kabla hajashika bisibisi, maana ndiyo itakayomwambia vipuri gani vitamfaa. Nambari 1391401 ni ya mpangilio wa Marekani. 1391406 ni ya Uingereza. Uzito wake ni kilo mbili na ushei, na anayeibeba kwa mara ya kwanza hudhani kuna tofali ndani.

Uzito huo una sababu. Chini ya vitufe lipo bati la chuma lililopindwa kidogo kama mgongo wa mtumbwi, na kwa upinde huo safu za vitufe hupanda kama ngazi mbele ya mkono. Juu ya bati umelazwa utando wa plastiki wa tabaka tatu, na katika tabaka ya juu na ya chini vimechapwa vijia vya umeme. Juu ya utando kuna shuka jembamba la mpira, kisha vinyundo vidogo, kimoja kwa kila kitufe, na juu ya kila kinyundo imesimama springi ndani ya kitundu kirefu mfano wa mwanzi. Kidole kikibonyeza, springi hubanwa mpaka ikafika mahali haiwezi tena kusimama wima. Hupinda ghafla kwa ubavu, ikagonga ukuta wa mwanzi, na wakati huo huo ikakipiga teke kinyundo, kikaubana utando, herufi ikaandikwa. Ule mlio, yale mapinduko yanayosikika kidoleni, na kule kuandikwa kwa herufi ni jambo moja. Katika kibodi nyingi za bei nafuu chini ya kitufe pana kikombe cha mpira tu, na hiki huweza kulegea kidoleni ilhali herufi haikuingia. Hapa ndipo tulipofahamu kwa nini mama yule hakuiweza mpya, na kwamba hakuwa anashikilia ukale kwa ukaidi, kama walivyodhani wanawe.

Ugonjwa wake ulikuwa wa kawaida kwa kibodi za jinsi hii. Sehemu ya plastiki yenye mianzi imeshikanishwa na bati la chuma kwa ribiti za plastiki, vijiti vidogo ambavyo vichwa vyake viliyeyushwa kiwandani. Baada ya miaka thelathini plastiki hiyo hukauka, na vichwa hukatika kimoja kimoja. Ukiitikisa kibodi utavisikia vikizunguka ndani kama mchele katika bati. Vikikatika vitatu au vinne hapana neno. Vikikatika vingi upande mmoja, tabaka zile huachana, na vitufe vya upande huo huwa vizito, huziba sauti, au huandika siku moja wakagoma siku ya pili. Ya jirani yetu ilikuwa imepoteza karibu safu nzima ya mbele, yaani upande wa nafasi kati ya maneno, na bila ya nafasi hakuna barua.

Kuifungua si kazi ngumu, ila inataka chombo chake. Skrubu nne za nyuma zina vichwa vya pembe sita vilivyozama ndani sana, na spana ya kawaida haifiki; yatakiwa spana boksi nyembamba ya milimita 5.5. Hapo vijana wetu wengi hukata tamaa, wakajaribu koleo, wakaharibu plastiki ya ganda. Kisha kofia za vitufe huvuliwa kwa mkono, na katika kibodi nyingi za mwanzo kila kitufe ni vipande viwili: shina, na kofia yenye herufi juu yake. Tulizitia kofia katika maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, zikalala humo usiku kucha. Maji ya moto hayafai. Asubuhi zilitoka nyeupe, na herufi zake zikiwa kamili, kwa kuwa hazikupakwa juu ya plastiki bali rangi yake imepenyezwa ndani. Binti zetu wawili walizikausha juu ya kanga na kuzipanga upya kwa mpangilio, na hiyo pekee ilikuwa darasa. Mdogo alitaka kujua kwa nini herufi hazifuati alfabeti, na jibu la kina tumemwahidi siku nyingine.

Kuhusu ribiti, dawa iliyozoeleka duniani kwa wenye kuzipenda kibodi hizi ni kuzing'oa zote na kuweka boliti mahali pake. Vichwa vilivyosalia hukatwa kwa tindo upande wa bati. Hapo kibodi hufunguka kama kitabu, na inampasa mtu awe mahali pasipo upepo wala watoto, maana vinyundo vyote na springi zake huwa huru. Kila mahali palipokuwa na ribiti hutobolewa kwa keekee ya milimita 1.5, taratibu, bila ya kusukuma, kwa kuwa plastiki nzee hupasuka. Kisha hutiwa boliti za M2, nyingi zake za urefu wa milimita 8, na nati ndogo. Boliti na nati hizo tulizipata mjini kwa fundi wa vitu vidogo, na yeye ndiye aliyetufundisha kuzikaza kwa mzunguko, moja huku na moja kule, badala ya kuanzia upande mmoja, ili bati lisikae mshazari. Kazi yote ilitwaa jioni tatu.

Katika kuirudisha kofia mahali pake ipo siri moja ambayo asiyeijua ataona kitufe hakilii. Kibodi husimamishwa wima kwanza, ili springi ilalie upande wake, ndipo kitufe kikatiwa. Kisipolia, kivuliwe kirejeshwe, mpaka sauti yake ifanane na ya jirani zake. Mama mwenyewe ndiye aliyekuwa mkaguzi wetu. Alikaa na kibodi mapajani, akapitisha kidole kila safu, na akazikataa springi tano ambazo masikio yetu sisi hayakuona tofauti yoyote. Tatu katika hizo zilikuwa zimeshika kutu.

Sasa tuje kwenye vipuri, kwani hapo ndipo wengi hukwama. IBM haizitengenezi tena. Mwaka 1991 kazi hiyo ilihamia kwa kampuni ya Lexmark, na mwaka 1996 mitambo ya Kentucky ikachukuliwa na kampuni ndogo iitwayo Unicomp, ambayo hata leo hutengeneza kibodi za springi na huuza kofia za vitufe zinazoingia katika zile za zamani. Lakini posta na ushuru huweza kuzidi thamani ya vipuri vyenyewe, na tunaona ni afadhali kumwagiza ndugu aliye Marekani au Ghuba anayekuja likizo, akavitia mkobani pamoja na zawadi nyingine. Aandikiwe nambari ya chombo kwa usahihi. Kofia za mpangilio wa Marekani hazitaziba kitufe kirefu cha mpangilio wa Uingereza, na fedha zitakuwa zimekwenda.

Njia ya pili ni kununua kibodi mfu na kuifanya mtoaji wa viungo. Hapo tahadhari: zipo zilizofanana na Model M kwa ganda na rangi, lakini ndani ni mpira mtupu. Mtu avue kitufe kimoja kabla ya kulipa; asipoiona springi, aiache. Na ipo njia ya tatu, isiyogharimu kitu. Kwa kuwa upinde umo katika bati, vitufe vidogo vya safu zote vina umbo moja. Springi na mashina ya vitufe visivyotumika huweza kuhamishwa kwenda kwenye vinavyotumika. Ndivyo tulivyozipata springi zile tano: tuliziondoa katika vitufe vya mkono wa kulia ambavyo mama alikiri hajapata kuvigusa tangu enzi za ofisi.

Kisichotengenezeka kwa wepesi ni utando. Ukimwagikiwa na chai, vijia vyake huliwa, na herufi tatu au nne zilizo katika kijia kimoja hufa pamoja. Wako wanaovipaka upya kwa wino wa fedha wenye kupitisha umeme. Sisi tumeona ukifanikiwa kwa muda na ukashindwa. Kwa hivyo kikombe kisikae karibu na kibodi hii, hata cha mgeni.

Limebaki suala la kuiunga na kompyuta ya leo. Waya wake huchomoka nyuma, na ncha ya pili ina plagi ya duara yenye pini sita, ambayo kompyuta mpya nyingi hazina mahali pake. Adapta zile ndogo za bei rahisi, zinazobadilisha umbo la plagi tu, hazitaiamsha. Inatakiwa iliyo na saketi ndani yake, yenye kuifasiria kompyuta lugha ya zamani. Na pale inapochomekwa moja kwa moja katika kompyuta nzee, kompyuta izimwe kwanza. Kitufe chenye nembo ya Windows hakimo. Anayekihitaji atajifunza kutumia viwili kwa pamoja.

Mama amerejea kazini. Sauti yake ni kubwa, hilo halikanushiki, na mkwewe mwenye mtoto mchanga amelalamika kwa adabu. Wamekubaliana kwamba kibodi iwekwe juu ya taulo lililokunjwa mara mbili, na isipigwe mchana mtoto akilala. Boliti mbili za pembeni bado hatujazitia, kwa kuwa zinataka refu zaidi kuliko tulizonazo, na ribiti zote zilizokatika amezitia katika kichupa cha dawa, ameziweka dirishani.