Mafunzo ya Wakutubi Yatangulie Mashine

Kwenye karatasi, Uganda haijamsahau msomaji asiyeona. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006 inaruhusu kitabu kunakiliwa kwa nukta nundu kwa ajili ya elimu. Mwaka 2018 nchi ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh, unaolegeza hakimiliki ili wasioona watengenezewe vitabu. Na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu iliandikwa upya mwaka 2020. Lakini mwanafunzi asiyeona akishaingia Chuo Kikuu cha Makerere au cha Kyambogo, atakachoweza kusoma kinategemea mkutubi anayepakia tasnifu kwenye hazina ya kidijitali, na huyo sheria haimfundishi kazi.

Chukua tasnifu ya zamani iliyopigwa taipureta. Ikipitishwa kwenye skana na kuhifadhiwa hivyo hivyo, kilichopatikana ni picha ya kurasa tu. Mwenye macho ataisoma asigundue kasoro yoyote. Kompyuta inayosoma kwa sauti itanyamaza, maana haina herufi za kutamka. Dawa yake inajulikana: kuigeuza picha iwe maandishi kwa programu ya kutambua herufi, kusahihisha majina ya Kiganda na Kiacholi ambayo programu hiyo huyavuruga, kuweka alama kwenye vichwa vya sura ili msikilizaji aruke hadi anapotaka, na kueleza grafu kwa maneno. Kazi hii haidai uhandisi, ila hakuna anayeijua bila kufundishwa.

Wapo watakaosema kuwa fedha za mashine na programu hazipo. Hoja hiyo ilikuwa na uzito zamani. Leo NVDA, programu ya kusoma skrini iliyoanzishwa mwaka 2006 na Mwaustralia asiyeona, hupatikana bure. Wengine watasema wanaohitaji huduma hii ni wachache, nao wana kitengo chao. Kitengo kimoja hakiwezi kukarabati kila faili linaloharibiwa na ofisi nyingine, na faili lenye maandishi halisi humfaa pia mwenye macho, kwa sababu hutafutika na husomeka vizuri kwenye simu ndogo. Pingamizi lenye nguvu ni la wingi wa kazi: tasnifu za miongo mingi hazirekebishiki kwa mwaka mmoja. Ni kweli, basi zianze mpya, ambazo tayari huandikwa kwenye kompyuta, na za zamani zifuate kadiri zinavyoombwa.

Semina ya siku moja yenye chai na vyeti haitoshi kumfundisha mkutubi kazi hii. Skuli ya ukutubi ya Makerere, iliyofundisha Afrika Mashariki tangu mwaka 1963, iliingize somo hili katika mtaala wa lazima, na Kyambogo, yenye uzoefu wa elimu maalumu, itoe wakufunzi wasioona wenyewe. Mkutubi azimiwe skrini, asikilize faili alilolipakia mwenyewe. Na wakuu wa maktaba, bajeti ijayo ikiwa na fedha za mashine moja tu, zipelekeni kwenye mafunzo kwanza.