"Borrow" na "Lend": Ni Nani Anadaiwa?



Mikutano yetu mingi hapa Kisii na Nyamira huendeshwa kwa Ekegusii na Kiswahili. Lakini makatibu wengi huandika kumbukumbu kwa Kiingereza, maana fomu za mikopo huja kwa lugha hiyo. Si vibaya. Taabu huanza tukifika kwa maneno mawili: "borrow" na "lend".

Kwa Kiswahili, anayechukua pesa anakopa, na anayetoa anakopesha. Ile "-sha" ya mwisho ndiyo inatuonyesha tofauti. Kiingereza kina maneno mawili mbalimbali:

1. "Borrow" ni kukopa. Hufuatwa na "from", yaani kutoka kwa fulani. Jambo likipita tunaandika "borrowed".

2. "Lend" ni kukopesha. Anayepewa hutajwa kwa "to". Jambo likipita tunaandika "lent", wala si "lended".

Kinachotuchanganya ni kuazima. Tunasema "niazime jembe", na pia "nimeazima jembe kwa jirani". Neno ni lile lile kwa anayetoa na anayechukua. Ndiyo sababu utasikia mtu akisema "borrow me your jembe". Jirani ataelewa tu, kwa sababu anakuona umesimama mlangoni mikono mitupu. Karatasi haikuoni.

Tuchukue mfano. Kikundi kimemkopesha mwanachama shilingi 5,000. Katibu anaandika: "The group borrowed 5,000 shillings from the member." Basi deni limegeuka! Sasa ni kikundi kinachodaiwa. Alipaswa kuandika: "The group lent 5,000 shillings to the member." Ama aanze na mwanachama: "The member borrowed 5,000 shillings from the group." Leo wote mnakumbuka ukweli. Lakini viongozi wakibadilika, au mkopaji akifariki, ni daftari litakaloulizwa.

Kwenye fomu pia angalieni. "Borrower" ni mkopaji, "lender" ni mkopeshaji, na "guarantor" ni mdhamini, yule atakayedaiwa mkopaji akishindwa. Kikundi kikichukua mkopo wa Women Enterprise Fund, ulioanzishwa 2007, kikundi ni "borrower". Kikigawia wanachama pesa hizo kama mikopo, kwao kikundi ni "lender". Kikundi ni kimoja, majina ni mawili, kulingana na pesa zinaelekea wapi.

Kwa hivyo kabla ya kutia sahihi au kidole gumba, ulizeni maswali mawili: Pesa zinatoka mfuko wa nani? Nani atazirudisha? Halafu katibu asome kila mstari wa mikopo kwa sauti na kuueleza kwa Ekegusii, hata akina mama wazee waridhike. Asiyeelewa asione haya kuuliza, maana pesa ni zake pia.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari likiandikwa kinyume, mali hupotea vilevile.