Mchezo wa mume na mke: kadi iliuliza nisiloweza kuuliza

Kwa miaka mingi, kila baada ya swala ya Isha, nilikuwa mtu wa barazani. Hapa Mji wa Kale, Mombasa, aliyenitafuta alijua atanikuta wapi: mbele ya bao, mashimo 32 na kete 64, pamoja na mwenzangu niliyemzoea hata nikajua mkono wake utakwenda shimo gani kabla hajauinua. Nikirudi nyumbani saa tano, mke wangu amelala, au amejifanya amelala.

Usiku mmoja alinisubiri. "Bwana," akaniambia bila hasira, "yule unayecheza naye wamjua atakalofanya. Mimi wanijua?"

Nilicheka. Kisha nikakosa jibu, na tuna miaka 14 ya ndoa.

Haukupita muda, dada yake anayeishi Uingereza akaja likizo na kumletea zawadi iliyofungwa vizuri, akamwambia asiifungue ila tukiwa sisi wawili tu. Ulikuwa mchezo wa ubao wa wanandoa. Naandika haya kwa sababu marafiki wawili niliowatajia waliniuliza mambo yale yale: ni mchezo gani huo, unachezwaje, na je, ni wa watu kama sisi?

Unavyochezwa

Umbo lake ni kama la ludo. Kuna ubao wenye njia ya miraba, kila mmoja ana kete yake, mnarusha dado na kusogea. Tofauti ni kwamba mraba uliofikia hukutaka uchukue kadi. Kadi ina swali la kumuuliza mwenzako, au jambo la kumfanyia. Kadi hizo zimepangwa kwa ngazi. Za mwanzo ni nyepesi, kama kumsifu mwenzako kwa jambo moja. Za katikati zagusa kumbukumbu na matamanio. Za mwisho ni za mume na mke mlango ukishafungwa.

Si jambo la jana wala juzi. Mwaka 1985 huko Marekani ulitoka mchezo wa ubao uliobeba jina la Dkt. Ruth Westheimer, mama aliyepata umaarufu redioni kwa kujibu maswali ya watu kuhusu unyumba.

Na ule mpangilio wa ngazi una maana yake. Mwaka 1997 mwanasaikolojia Arthur Aron na wenzake walichapisha utafiti ambao wengi wameusikia kwa jina la maswali 36. Waliwakalisha watu wawili wawili wasiojuana, wakaulizana maswali hayo kwa makundi matatu ya maswali 12. Walianza na mepesi, wakaenda kwenye mazito kidogo kidogo. Baada ya dakika 45 watu hao walijihisi wako karibu zaidi kuliko wale waliopewa mazungumzo ya kawaida tu. Moyo haufunguki kwa swali moja zito la ghafla. Hufunguka kwa hatua, na wote wawili wakifungua pamoja.

Lakini wale hawakujuana. Sisi tunaojuana tuna tatizo jingine: twadhani twajua. Tena kwetu haya ni pambo la mtu, na pambo hilo hilo mara nyingine hufunga mdomo. Mke haulizi asije akaitwa hana adabu. Mume haulizi asije akaonekana hajui. Kadi huuliza, na hakuna kati yenu wa kulaumiwa kwamba ndiye aliyelianzisha. Kwangu mimi, faida yote ya mchezo huu iko hapo.

Tulivyougeuza uwe wetu

Ule wa ndani ya boksi hatukuucheza ulivyo. Kadi nyingi zilikuwa na mambo ya mvinyo na ya maisha yasiyokuwa yetu. Kisha kuna dado. Wanazuoni wengi wanakataza michezo ya dado hata pasipo pesa, nasi hatukutaka kuingia chumbani na shaka. Hivyo tukajitengenezea wenyewe.

Tulinunua karatasi ya manila, tukachora njia ya miraba 24. Kete zetu ni komwe mbili nilizozitoa kwenye bao langu, moja tukaipaka rangi ya kucha. Kila mraba tukautia rangi: nyeupe kwa maswali mepesi, kijani kwa mazito, nyekundu kwa vitendo. Badala ya dado, kila zamu mwenye kucheza husogea mraba mmoja au miwili, apendavyo mwenyewe. Mtu aweza kuukwepa mraba asioutaka, na mwenzake akaona ameukwepa. Hilo nalo ni jibu.

Kadi tuliandika kila mtu zake, kumi na tano kwa kumi na tano, bila kuonyeshana. Za vitendo si lazima ziwe kubwa. Yangu moja ilisema: "Nisugue mabega mpaka uchovu uishe." Yake moja ilisema: "Kesho jioni niletee asumini, na usimtume mtoto." Nyingine zabaki kwetu.

Atakayesema haya ni mambo ya Kizungu, namkumbusha kwamba Mtume (SAW) alishindana mbio na Bi Aisha, mara ya kwanza Bi Aisha akashinda, na miaka baadaye akashindwa. Mchezo kati ya mume na mke si ugeni katika dini. Wala kufundishana unyumba si ugeni Pwani. Bibi harusi alikabidhiwa kwa somo wake akaelezwa mengi. Bwana harusi, kama mimi, aliambulia mizaha ya marafiki. Na somo akishamaliza kazi yake na fungate ikaisha, siku saba tu, ni nani atakayewafundisha mume na mke wa mwaka wa kumi na nne?

Kadi ya kijani

Usiku wa kwanza tulicheka sana. Usiku wa pili nikaangukia mraba wa kijani, nikachukua kadi niliyoiandika mwenyewe: "Ni lini ulijihisi mpweke ilhali mimi nipo?" Niliiandika nikidhani jibu litakuwa ni zile usiku za barazani.

Alinyamaza, akaichezea ile komwe mkononi. Kisha akasema: "Alipokufa mama. Matanga yalikwisha leo, kesho yake ukaenda kucheza bao. Nilikaa jikoni nikisikia kicheko chako kutoka nje."

Hayo yalikuwa na miaka minne. Nilikuwa na majibu mengi mdomoni: kwamba nilidhani anataka kukaa na dada zake, kwamba sikujua la kumwambia, kwamba nami nilimpenda mamake. Lakini tulikuwa tumewekeana sharti kwamba aliyeuliza hajitetei. Nikanyamaza. Baadaye nikamwomba radhi. Usiku huo hatukuendelea na mchezo. Tulikaa tukamzungumza marehemu mpaka karibu na alfajiri.

Masharti manne

Kwa anayetaka kujaribu, haya ndiyo yaliyotusaidia.

La kwanza, kila mtu ana haki ya kusema "napita", na haulizwi kwa nini. Bila haki hiyo si mchezo tena, ni kulazimishana.

La pili, aliyeuliza husikiliza na hajitetei usiku huo.

La tatu, lililosemwa ubaoni halirudishwi siku ya ugomvi, wala halipelekwi kwa mama, kwa shoga, wala barazani. Hili nililoliandika hapa nimelitaja kwa ruhusa yake, naye amelisoma kwanza.

La nne, simu zikae chumba kingine, watoto wawe wamelala, na msianze mkiwa mmenuniana.

Nisidanganye watu. Mchezo huu hautibu kila kitu. Ikiwa nyumbani kuna kipigo, au mmoja anamwogopa mwenziwe, karatasi ya manila si dawa yake. Huko watakiwa wazee wa pande zote mbili, kadhi, na hata polisi. Mchezo ni wa watu wanaopendana na wamesahau kuambizana.

Barazani bado naenda, lakini si kila siku. Alhamisi usiku hunioni huko. Mwenzangu wa bao alalamika kwamba kete zangu zimepungua mbili na makali yangu pia yamepungua. Yote mawili ni kweli. Kete mbili ziko nyumbani, na nyumbani nina mwenzangu mwengine wa kucheza naye, ambaye baada ya miaka 14 bado sijui mkono wake utakwenda wapi.