Cheni Ikikatika, Ganda la Injini Ndilo Linaloumia

Cheni ya pikipiki ikikatika, dereva mwenye bahati huikuta imelala barabarani nyuma yake. Asiye na bahati husikia kishindo upande wa kushoto, gurudumu la nyuma linagoma, na muda si mrefu oili inachuruzika karibu na mguu wake. Ganda la injini limepasuka. Kazi ambayo ingeishia kwenye kununua loki mpya ya kuunganishia cheni sasa imekuwa ya kushusha injini nzima, kuifungua na kutafuta ganda lingine. Kwa mwendesha bodaboda, hizo ni siku kadhaa bila mapato, na hesabu ya tajiri bado inadaiwa.

Vitu viwili visivyolingana ndivyo vilivyowekwa jirani hapo. Cheni ni ya chuma kilichokomazwa kwa moto. Ganda limemiminwa kwa aloi ya alumini, na unene wake ni milimita chache tu. Kati yao pana nafasi ndogo. Chukua pikipiki yenye cheni ya saizi 428, sproketi ya nyuma ya meno 42 na rimu ya inchi 17. Ikienda kilomita 60 kwa saa, karibu mita 5 za cheni hupita mbele ya ganda hilo kila sekunde, na sproketi ya mbele ikiwa na meno 14 huzunguka zaidi ya mara 25 katika sekunde hiyo hiyo.

Lakini si kila cheni inayokatika huvunja ganda, na hapa ndipo wengi hukosea kuelewa. Cheni huingia kwenye sproketi ya mbele kwa juu, huizunguka, kisha hutoka kwa chini kurudi nyuma. Hatari iko pale inapotoka. Meno ya sproketi iliyoliwa hupinda kama ndoana, hivyo pingili inayotakiwa kuachia haiachii. Hubebwa tena kwenda juu, inakutana na cheni inayoingia, na mahali penye nafasi ya mkunjo mmoja panalazimishwa kumeza miwili. Uzito wa pikipiki, dereva na abiria bado unasukuma gurudumu. Lazima kitu kiachie, na kilicho dhaifu kuliko vyote ni alumini. Cheni iliyolegea kupita kiasi hufanya vivyo hivyo hata bila kukatika: hurukaruka, hupanda juu ya meno, hujisokota.

Kwa hiyo ulinzi wa ganda huanzia kwenye cheni yenyewe, hasa kwenye loki. Pikipiki nyingi ndogo hutumia loki ya klipu, kile kibati chembamba chenye upande mmoja uliozibwa na mwingine uliopasuliwa. Upande uliozibwa ndio unaotakiwa kutangulia cheni inakokwenda. Klipu ikiwekwa kinyume, jiwe au kijiti kikigusa ule upande uliopasuliwa kinaweza kuing'oa, na pini za loki zitaanza kutoka. Ukaguzi wake ni wa dakika moja: zungusha gurudumu mpaka loki ifike juu, uangalie kama upande uliozibwa unatazama mbele. Waendeshaji wa mashindano ya porini hupaka silikoni kidogo juu ya klipu au huifunga kwa waya mwembamba. Ni ujanja wa bei ndogo, na unafaa kabisa kwenye barabara za vumbi na mawe.

Kingine cha kupima ni uchakavu. Watu husema cheni imevutika, ingawa chuma chenyewe hakijarefuka. Kilicholika ni pini na bushi ndani ya kila pingili, katika muundo ambao Hans Renold, Mswisi aliyekuwa na kiwanda Manchester, aliuleta mwaka 1880. Pingili za saizi 428 zimepishana kwa milimita 12.7, kwa hiyo 20 zikivutwa zikanyooka hupima milimita 254. Zikifika 259, yaani ongezeko la asilimia 2, cheni imekwisha. Ibadilishwe pamoja na sproketi zote mbili. Cheni mpya juu ya meno ya ndoana huliwa haraka, na sababu ya ganda kupasuka inabaki pale pale.

Ulegevu nao una kiasi chake, na kitabu cha pikipiki hukitaja. Nyingi za barabarani huhitaji cheni icheze kati ya milimita 20 na 30 ikisukumwa katikati. Kukaza mpaka ikawa kama waya nako ni kosa, maana abiria wakipanda, nyuma ya pikipiki hushuka na cheni huzidi kukazana, ikiivuta shafti ya gia na beringi zake.

Kisha kuna lile kava dogo linalofunika sproketi ya mbele. Mafundi wengi wakishalifungua hawalirudishi, kwa maelezo kwamba linakusanya tope. Tope kweli hukusanyika, tena udongo mwekundu ukichanganyika na oili chafu hukauka ukawa mgumu, ukasugua sili ya shafti na kula ile nafasi ndogo ya cheni. Dawa yake ni kulifungua, kukwangua, kuosha kwa mafuta ya taa na kulifunga tena. Palipo wazi, sili na waya wa nyutro hubaki bila kinga dhidi ya mawe, na mguu wa dereva uko jirani na meno yanayozunguka. Kava likiwa limefunguliwa, akague pia kibati cha kuzuia sproketi na bolti zake mbili ndogo. Zikilegea, sproketi huanza kutembea pembeni.

Kwa wanaopita njia mbaya kila siku ipo ngao, kipande cha alumini nene au chuma kinachofuata umbo la ganda karibu na sproketi. Katika pikipiki nyingi za KTM za porini, silinda ya klachi inayosukumwa na mafuta imekaa pale pale, hivyo ngao huokoa vitu viwili kwa pamoja. Fundi stadi anaweza kuchonga yake, mradi isibane njia ya cheni, na bolti zake zisizidi urefu wa matundu. Bolti ndefu ikikazwa kwenye tundu lisilotokea upande wa pili hupasua ganda lile lile lililokusudiwa kulindwa.

Ganda likishapasuka, gundi ya epoksi inaweza kumfikisha mtu nyumbani endapo ufa ni mdogo na umesafishwa oili yote. Kulehemu kwa gesi ya agoni hudumu zaidi, ila alumini iliyonyonya oili kwa miaka hutoa vitobo, na joto likikaribia kiti cha beringi linaweza kukipinda. Ndiyo maana mnunuzi wa pikipiki iliyotumika anafanya vyema kuomba kava la sproketi lifunguliwe kabla hajatoa pesa, kisha amulike kwa tochi nyuma ya meno akitafuta alama za kulehemu, mabaka ya gundi au michubuko ya cheni.