Mifupa ya Ng'ombe na Fedha

Supu ya mifupa ikilala kwenye sufuria usiku wa baridi wa Ogembo, huku Gusii, asubuhi unaikuta imeganda. Unainamisha sufuria na haimwagiki. Kilichoigandisha ni jelatini, inayotoka kwenye mifupa, ngozi na kano. Jelatini ya namna hiyo, ikisafishwa sana, ndiyo iliyoshika picha ya harusi ya wazazi wako.

Wengi wetu tunakumbuka boksi la kijani la Fuji. Mpiga picha alikuja na filamu ya picha 36, akaibana hadi ya mwisho, kisha tukangoja aipeleke mjini kusafishwa. Kampuni yenyewe, Fuji Photo Film, ilianzishwa Japani mwaka 1934, ikiwa na kiwanda cha filamu huko Ashigara. Kamera yake ya kwanza, Fujica Six, ilifuata mwaka 1948. Lakini ukiniuliza, kazi yake hasa haikuwa picha. Ilikuwa kujua tabia za jelatini na fedha. Fedha ya madini, si ya mfukoni.

Ndani ya jelatini hupandwa fuwele ndogo mno za chumvi ya fedha. Mwanga ukigusa fuwele, atomi chache tu za fedha hujitenga. Jicho halioni kitu. Dawa ya kusafishia ndiyo inayoikuza alama hiyo mara mamilioni. Katika filamu ya rangi, yenye tabaka za kunasa mwanga wa buluu, wa kijani na mwekundu, dawa hiyo huzaa rangi palipo na fedha, kisha fedha yote huondolewa. Kwa hiyo negativu yako ya rangi haina fedha tena. Imebaki rangi ndani ya jelatini.

Na jelatini ni chakula. Kuvu wanaipenda, na nyanda za Gusii, kwa mvua zake zisizokwisha, zinawaandalia meza. Ukiona utando kama wa buibui juu ya negativu, usiioshe: jelatini iliyoliwa na kuvu huyeyuka kwa maji, nayo sura huondoka pamoja na uchafu. Picha zilizochapishwa zina ugonjwa mwingine. Nyingi za miaka ya 1970 zimegeuka nyekundu kwa sababu rangi ya samawati ndiyo iliyotangulia kufifia, hata zilizofungiwa kabatini.

Soko la filamu duniani lilifika kilele mwaka 2000, na baada ya miaka kumi halikufikia hata sehemu ya kumi ya lilivyokuwa. Kodak, mshindani wa Fuji, iliomba mahakama iilinde dhidi ya wadai mwaka 2012. Fuji, iliyoondoa neno “Photo” katika jina lake mwaka 2006, ilirudi kwenye ujuzi wake wa asili. Mwaka 2007 ilianza kuuza vipodozi vya Astalift, kwani jelatini ni kolajeni iliyopikwa, na kolajeni ndiyo inayoishikilia ngozi. Kinachonivutia zaidi ni kipimo chake cha kifua kikuu kwa mkojo. Dalili ya bakteria hunaswa na chembe ndogo mno za dhahabu zisizoonekana, kisha fedha hujikusanya juu ya chembe hizo hadi mstari utokeze. Ni ujanja uleule wa filamu: alama ndogo hukuzwa kwa fedha. Matokeo ya kukijaribu kwa sampuli za watu wenye VVU kutoka Afrika Kusini yalichapishwa mwaka 2019.

Tukirudi kabatini kwako: negativu ziwekwe kwenye bahasha za karatasi, si plastiki laini, ndani ya mkebe, mbali na ukuta wa jikoni na sakafu. Picha iliyonata kwenye kioo cha fremu usiibandue. Ipige kwa simu kupitia kioo hicho. Negativu nayo, ishike kwa kingo mbele ya skrini nyeupe ya simu moja, ipige kwa nyingine, kisha geuza rangi kwa programu ya kuhariri picha. Fanya hivyo siku ya jua, mikono ikiwa mikavu.