Uhalifu Usioingia Kitabuni

Kila mwaka Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) linapotoa ripoti ya uchumi wa Kenya, kuna jedwali moja ambalo wanahabari hulikimbilia: la makosa yaliyofikishwa kwa polisi. Idadi ikipanda, tunaambiwa nchi imeharibika. Ikishuka, wakubwa wa usalama wanapongezana. Haraka hiyo inaniudhi, kwa sababu jedwali hilo halihesabu uhalifu. Linahesabu watu waliofika kituoni wakasikilizwa, wakaandikwa.

Tuanzie hapo kwenye kaunta. Afisa wa zamu anafungua kitabu cha matukio, yaani OB, anaandika saa, jina lako na yaliyokupata, kisha unapewa nambari. Ukiwa mtu wa 23 kuandikwa tarehe 12 Juni 2024, nambari yako ni OB 23/12/06/2024. Mwenye gari lililoibwa hakosi nambari hiyo, maana bila abstrakti ya polisi bima haimlipi. Maiti nayo haifichiki kwa urahisi. Ndiyo maana wataalamu wa uhalifu huziamini hesabu za mauaji na za wizi wa magari kuliko nyingine zote. Lakini aliyeibiwa kuku watatu atalipa nauli ya kwenda kituoni ili apate nini? Na mke aliyevunjwa mkono na mumewe, ambaye jioni atarudi nyumba ile ile?

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022, ambapo wahoji walienda nyumba kwa nyumba, ulionyesha kuwa asilimia 34 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kudhulumiwa kimwili tangu watimize miaka 15, na asilimia 13 wamewahi kudhulumiwa kingono. Hao ni mamilioni. Makosa ya kila aina yanayoripotiwa kwa polisi nchini kote kwa mwaka huwa karibu laki moja tu. Kweli, hesabu moja ni ya maisha na nyingine ni ya mwaka mmoja, lakini pengo hilo halizibiki kwa kugawanya. Kwa hiyo nikisikia eneo fulani lina visa vichache vya ubakaji, la kwanza ninalotaka kujua ni kama kituo chake kina dawati la jinsia na afisa anayejua kusikiliza.

Hata kosa likiandikwa, bado litapewa jina, na jina hilo hutegemea mambo madogo. Mlango ukivunjwa saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni, Kanuni ya Adhabu ya Kenya inampa mvunjaji kifungo kisichozidi miaka 7. Ukivunjwa saa moja, kisheria usiku umeshaingia, na kifungo kinaweza kufika miaka 10. Aliyepigwa hubeba fomu ya polisi iitwayo P3 hadi kwa daktari. Daktari akiandika kuwa ni madhara ya kawaida, mshtakiwa anakabiliwa na miaka 5. Akiandika madhara makubwa, ni hadi kifungo cha maisha.

Adolphe Quetelet, mtaalamu wa takwimu wa Ubelgiji, aliliona tatizo hili la makosa yasiyoandikwa tangu miaka ya 1830. Alijipa moyo kwamba uwiano kati ya makosa yanayojulikana na yaliyofichika haubadiliki sana, hivyo sehemu inaweza kutuonyesha zima. Haikuwa hivyo. Uswidi ilipopanua maana ya ubakaji katika sheria mwaka 2005, huku polisi wake wakihesabu kila tendo peke yake hata kama mtendaji ni mmoja, hesabu zake zilipaa, na wasiofahamu wakadhani wanawake wa huko wanaishi jehanamu. Nchi ambayo mwathiriwa hathubutu kusema huonekana safi kwenye karatasi.

Uingereza nayo ilijifunza kwa uchungu. Mwaka 2014 takwimu za polisi wa England na Wales zilivuliwa hadhi ya takwimu rasmi za kitaifa, na wakaguzi wakabaini kuwa kati ya kila makosa 100 yaliyoripotiwa, 19 hayakuandikwa kabisa. Kwa makosa ya kingono yalikuwa 26. Watu walifika, wakasimulia, wakarudi nyumbani bila alama yoyote kitabuni.

Bahati yao ni kwamba tangu 1982 wana utafiti unaowauliza wananchi wenyewe yaliyowafika. Nao uliwahi kuwa na pengo: kwa muda mrefu haukuuliza juu ya ulaghai. Maswali hayo yalipoongezwa Oktoba 2015, yalifichua makosa milioni 5.8 ya ulaghai na ya kompyuta kwa mwaka, karibu sawa na makosa mengine yote yaliyokuwa yakihesabiwa, takriban milioni 6.3. Kenya tungewauliza hivyo hivyo, kaya kwa kaya na kila mwaka, wale waliopigiwa simu na tapeli anayedai ametuma pesa kimakosa, wakamrudishia shilingi 3,000 ambazo hakuwahi kutuma, na wakanyamaza kwa aibu.