Upasuaji wa Fizi: Unafanywa Lini, na Baada Yake Ufanye Nini

Mtu anayeona damu kwenye mswaki kila asubuhi mara nyingi hubadilisha dawa ya meno au huacha kusugua upande unaovuja. Miaka inapita, jino linaanza kutikisika, na anapofika hospitalini ombi lake ni moja: ling'olewe. Lakini si kila jino linalotikisika ni la kung'olewa. Mengine huokolewa kwa usafishaji wa kina, na mengine kwa upasuaji wa fizi. Makala haya yanaeleza upasuaji huo na namna ya kujitunza ukirudi nyumbani.

Ugonjwa unavyoanza

Tatizo hili si la wachache. Utafiti wa Kitaifa wa Afya ya Kinywa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa takriban asilimia 98 ya watu wazima waliochunguzwa nchini walikuwa na fizi zinazovuja damu.

Chanzo chake ni utando laini wa bakteria unaojijenga juu ya meno kila siku. Usipoondolewa kwa mswaki, huganda na kuwa ugaga, ambao mswaki hauwezi kuutoa. Ufizi huvimba, huwa mwekundu na huvuja damu. Katika hatua hii ugonjwa bado unatibika kabisa.

Ukiachwa, ufizi huachana na jino na kufanya mfuko. Bakteria hujificha humo na mfupa unaoshikilia jino huanza kuliwa. Kwa kawaida hakuna maumivu makali, na ndiyo maana watu huchelewa. Walio katika hatari zaidi ni wavutaji sigara na wenye kisukari kisichodhibitiwa. Wajawazito pia huvimba fizi kwa urahisi, hivyo wanafaa kuchunguzwa meno wanapohudhuria kliniki.

Katika maeneo yenye maji ya visima yaliyo na floridi nyingi, wakazi wengi wana meno ya kahawia. Rangi hiyo imo ndani ya jino lenyewe. Si ugaga, na haimaanishi kuwa fizi zako zinaugua.

Je, kila mgonjwa hupasuliwa?

La. Matibabu huanza kwa kuondoa ugaga juu na chini ya ufizi. Wapo wanaoogopa kwamba kusafishwa hulegeza meno. Ukweli ni kwamba ugaga mwingi huweza kushikanisha meno ambayo tayari yamepoteza mfupa. Ukitolewa, ulegevu uliokuwapo ndipo unapohisiwa.

Baada ya wiki kadhaa daktari hupima tena kina cha mifuko kwa kifaa chembamba chenye alama za milimita. Kina cha hadi milimita 3 ni cha kawaida. Mifuko ikibaki mirefu, hasa ya milimita 5 au zaidi, na bado inavuja damu, upasuaji unaweza kupendekezwa.

Kinachofanyika

Mgonjwa hudungwa sindano ya ganzi na hubaki macho. Daktari hukata ufizi kidogo na kuuinua ili aone mizizi, husafisha ugaga uliojificha, kisha huurudisha ufizi mahali pake na kuushona. Mara nyingine huongeza unga maalumu wa kusaidia mfupa kujijenga. Palipo na mzizi ulioachwa wazi, anaweza kuchukua kipande chembamba cha nyama kutoka kwenye kaakaa na kukishona hapo.

Kabla ya siku hiyo, mweleze daktari dawa zote unazotumia, hasa za kisukari, shinikizo la damu na za kuzuia damu kuganda. Usiache dawa yoyote bila kuelekezwa naye.

Saa 24 za kwanza

• Kandamiza kitambaa ulichopewa bila kukifungua kila mara. Mate yenye rangi ya damu kidogo ni ya kawaida.
• Usisukutue, usiteme kwa nguvu na usitumie mrija. Damu iliyoganda ikitoka, kidonda huanza kuvuja upya.
• Weka barafu iliyofungwa kwa kitambaa juu ya shavu kwa dakika 10 hadi 15, pumzika, kisha rudia.
• Tumia dawa ya maumivu uliyoandikiwa. Usijinunulie aspirini, kwani huongeza kuvuja damu.
• Usivute sigara, usinywe pombe wala kutafuna miraa au muguka. Ni vyema kuacha vitu hivi hadi kidonda kipone.

Wiki mbili zinazofuata

Kula vyakula laini visivyo moto: uji, viazi vilivyopondwa, mayai, ndizi, maharagwe yaliyopondwa. Muthokoi, mahindi ya kuchoma, njugu na nyama ngumu vingoje. Tafuna kwa upande ambao haukupasuliwa.

Piga mswaki meno mengine kama kawaida, lakini usiguse palipopasuliwa hadi daktari akuruhusu. Sehemu hiyo husafishwa kwa dawa ya kusukutua uliyopewa. Dawa yenye klorheksidini huweza kuacha madoa kwenye meno; madoa hayo husafishwa baadaye. Maji ya uvuguvugu yenye chumvi yanaweza kutumika kuanzia siku ya pili.

Uvimbe huongezeka kwa siku mbili au tatu, kisha hupungua. Nyuzi hutolewa kati ya siku ya 7 na ya 14, isipokuwa zile zinazoyeyuka zenyewe. Usishtuke meno yakionekana marefu zaidi au yakiwa na ganzi kwa maji baridi: uvimbe umekwisha na mizizi imeonekana. Ufizi hufunga kwa wiki chache, bali mfupa huchukua miezi.

Rudi hospitalini mara moja ukiona:

• damu isiyokoma baada ya kukandamiza kwa dakika 20 hadi 30;
• homa, usaha au harufu mbaya kinywani;
• maumivu au uvimbe unaozidi baada ya siku ya tatu;
• ugumu wa kumeza, kupumua au kufungua kinywa.

Kazi inayobaki nyumbani

Upasuaji husafisha mahali ambapo mswaki haufiki, lakini hauzuii utando kurudi. Asiyepiga mswaki mara mbili kwa siku na kusafisha katikati ya meno huweza kurudi alikoanza. Wagonjwa wengi hutakiwa kuonwa kila baada ya miezi 3 hadi 6, hata kama hawasikii maumivu.

Anzia kituo cha afya kilicho karibu nawe ili uelekezwe panapotolewa huduma za meno. Kesi zinazohitaji uchunguzi zaidi hupewa rufaa hadi Hospitali ya Machakos Level 5. Hakikisha umejisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, na uulize mapema ni gharama gani utakazolipiwa na zipi utalipa mwenyewe.

Fizi zako zikivuja damu kwa zaidi ya wiki mbili, usingoje jino litikisike. Nenda ukachunguzwe.